Makro Inayosikiliza (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliandika makro ya kubofya: fundi anaiita, inafanya kazi, inanyamaza. Leo tunaigeukia ile isiyosubiri kuitwa.

Ukiteremka Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, na kupita kwenye vibanda vya stika na mabango, skrini nyingi utakazochungulia zina CorelDRAW, programu ya kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989. Stika ya bajaji ni fremu, maneno na michoro ya kukatwa na plota. Fundi anabonyeza F6 kuchora fremu, anarudi kwenye zana ya mshale aisogeze. F8 kwa maneno, kisha mshale. F10 kunyoosha nodi, kisha mshale tena. Mkono wa kushoto hautulii, na yeye mwenyewe hana habari nao. Tunataka programu imrudishie mshale yenyewe.

Dereva wa daladala hasimami kila hatua kuuliza nani anashuka. Anasubiri konda agonge bodi. Programu nayo ina kugongewa kwake, ndiko kunakoitwa tukio: faili limefunguliwa, umbo limechaguliwa, ukurasa umebadilishwa. Kazi yetu ni kuandika kitakachofuata baada ya kugongewa huko.

Katika CorelDRAW yenye VBA, lugha ya kuandikia makro (toleo la Home & Student liliuzwa bila hiyo, kwa hiyo usijilaumu usipoiona), fungua kihariri cha makro, tafuta GlobalMacros, kisha moduli ya ThisMacroStorage. Hapo andika utaratibu uitwao GlobalMacroStorage_SelectionChange. Jina hilo usilibadilishe hata herufi, maana programu hulitafuta lilivyo kila uteuzi unapobadilika.

Sasa, umbo likishachorwa, CorelDRAW hulichagua papo hapo. Hiyo ndiyo nafasi yetu. Utaratibu uulize kwanza: kuna kilichochaguliwa? Ukiruka swali hilo, siku fundi atakapobofya mahali patupu ActiveShape itakuwa haina kitu, na kosa namba 91 litamrukia usoni mbele ya mteja. Pili: zana iliyo mkononi ni ya kuchora pembenne? Majibu yote yakiwa ndiyo, ActiveTool ipewe cdrToolPick, na mshale umerudi wenyewe.

Vijana wengi wakishaonja hapo hutaka zaidi: nikibofya mchoro, zana ya nodi ijilete, nikibofya maneno, ya maandishi ijilete. Mimi siwashauri. Mtu habofyi mchoro kwa sababu moja. Mara nyingi anataka kuusogeza tu, na zana ikibadilika chini ya kidole chake atakuta amevuta nodi badala ya umbo zima, na herufi ya mteja imepinda. Aliyemaliza kuchora fremu, kwa upande mwingine, karibu kila mara anataka kuishika. Nasema karibu, kwa sababu anayepanga fremu ishirini za bei za chipsi ataudhika kurudishiwa mshale baada ya kila moja. Mwekee makro ndogo ya kuzima na kuwasha.

Kuna mtego mwingine. Makro ikichagua au kuacha umbo yenyewe, hilo nalo ni tukio, nayo inajigongea tena na tena hadi kompyuta igande. Dawa ni kuweka EventsEnabled kuwa False kabla ya kugusa uteuzi, na True baada yake. Ila makro ikikwama katikati, masikio yanabaki yamezibwa na fundi atadhani programu imekufa. Kwa hiyo ule mstari wa True uwekwe pia kwenye sehemu ya kushughulikia makosa.

Wanaotumia Inkscape, programu ya kuchora ya bure, wasihangaike kuutafuta utaratibu huu kwenye nyongeza zake. Nyongeza ya Inkscape hupokea mchoro pale inapoitwa, huurudisha na kuondoka, haikai kusikiliza. Kwao njia fupi ni kupanga upya vitufe vya kibodi, na hilo tutalifanya wiki ijayo.