Fedha za Utafiti na Masharti Yake

Kabla chuo kikuu hakijapokea fedha za utafiti, cha kwanza kuchunguzwa ni asili yake: nani anatoa, alizipataje, na anataka nini. Maabara, vifaa na posho za watafiti vina gharama, na mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kanuni za maadili haziwakatazi wasomi kushirikiana na kampuni, serikali au matajiri, huwawekea mipaka.

Mpaka wa chanzo ndio ulio rahisi kuonekana. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilikubali pauni milioni 3.8 kutoka British American Tobacco ili kuanzisha kituo cha kuchunguza, ajabu ya mambo, wajibu wa kampuni kwa jamii. Richard Smith, mhariri wa jarida la tiba la BMJ aliyekuwa pia profesa chuoni hapo, aliuacha uprofesa mwaka uliofuata. Kwa wakosoaji, kampuni ya sigara ilikuwa imejinunulia heshima kwa jina la chuo, hata kama hakuna utafiti ulioghushiwa.

London School of Economics nayo iliingia shimoni. Mwaka 2009 ilikubali ahadi ya pauni milioni 1.5 kutoka wakfu wa Saif al-Islam Gaddafi, mwana wa mtawala wa Libya, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametunukiwa shahada ya uzamivu chuoni hapo. Libya ilipowaka moto mwaka 2011, mkurugenzi wa chuo, Howard Davies, alijiuzulu, na jaji mstaafu Lord Woolf akapewa kazi ya uchunguzi. Ndiyo sababu kanuni nzuri humtenga anayetafuta fedha na anayeamua zipokewe au la, na mtoaji aliyesoma chuoni, au mwenye jamaa anayesoma hapo, huchunguzwa mara mbili.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, hujificha ndani ya mkataba. Katika miaka ya 1990 Nancy Olivieri, daktari bingwa wa damu mjini Toronto, Kanada, alikuwa akiwajaribia dawa ya deferiprone wagonjwa wa thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, kwa ufadhili wa kampuni ya Apotex. Alipoona dalili kwamba kwa baadhi yao dawa haifanyi kazi ipasavyo, alitaka kuwaarifu. Kampuni haikuafiki tafsiri yake. Mwaka 1996 ilisimamisha majaribio na kumtishia mashtaka, ikishikilia kipengele cha usiri alichokitia saini mwenyewe. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa kikizungumza na Apotex kuhusu mchango wa mamilioni ya dola. Daktari huyo alichapisha matokeo yake mwaka 1998.

Katika mkataba wa utafiti, basi, kifungu cha kusomwa mwanzo ni cha uchapishaji. Mfadhili anaweza kupewa muda, mara nyingi siku 30 hadi 90, aisome rasimu na kulinda siri zake za biashara. Uwezo wa kuizuia isitoke hapewi, na habari ya hatari kwa mgonjwa haingoji siku hizo.

Ushawishi mwingine hauandikwi popote. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani walipitia makala 106 ya mapitio kuhusu kuvuta moshi wa sigara za wengine. Makala 39 yalisema hauna madhara. 29 kati ya hayo yaliandikwa na watu wenye uhusiano na kampuni za tumbaku. Kumtaja mfadhili hakuondoi upendeleo, ila humpa msomaji tahadhari.

Ubia kati ya vyuo tajiri na nchi za kipato cha chini una mtego wake. Mwaka 1992 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester alichukua vijidudu Ziwa Bogoria, Kenya. Kupitia kampuni ya Genencor, vimeng'enya vya vijidudu hivyo viliishia kwenye sabuni za kufulia na viwanda vya kufifisha rangi ya jinzi. Shirika la Wanyamapori la Kenya baadaye lilisema halikuruhusu biashara hiyo, likadai mgawo. Leo mtafiti mgeni huhitaji kibali cha tume ya sayansi, yaani NACOSTI nchini Kenya au COSTECH nchini Tanzania, na sampuli zinazovuka mpaka hupaswa kuandamana na makubaliano yanayotaja nani anazimiliki, zitatumiwa kwa kazi gani, na faida ikipatikana igawanywe vipi.