Goma: volkano, vita, na wenye nyumba za wageni wanabakia

Huku kwetu krezeri akisikia kama kuko mawe mazuri upande mwingine, anafunga mizigo, anaenda. Juu ya nini basi kule Goma wenye nyumba ndogo za wageni, zile za vyumba vitano ao sita karibu na ziwa Kivu, hawahame?

Ule mji umepigwa sana. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi, na kisha siku chache wakarudia, mawe yakingali moto. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa mu parki ya Virunga na mlinzi mmoja akauawa. Parki ikafungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Kisha korona. Mei 2021, volkano tena. Halafu vita: Januari 2025 M23 iliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa.

Wakati mzuri, mtalii alilipa parki dolari 300 kwa kupanda Nyiragongo. Mwenye nyumba alipata feza ya kitanda na chakula, pengine ya mtumbwi. Haikuwa utajiri. Lakini patroni ni yeye mwenyewe, watoto wanakomalia hapo hapo, mama anapika sambaza (ni kapenta yetu ile ile, Wabelgiji njo waliitoa Tanganyika kuitia Kivu), jioni wanakaa mbele ya ziwa. Ni maisha ile walitafuta, si kampuni kubwa. Watalii walipokosekana, vyumba vilienda kwa watu wa mashirika ya misaada, lopango ikawa ya harusi na bia.

Tusiwasifu ovyo. Wengine wanabakia sababu wakati wa vita hakuna wa kununua parseli kwa bei ya haki. Mwenye jipu anaweza kuvuka mpaka nayo; nyumba ya mawe ya volkano haivuke.

Familia za Gécamines zinajua hii. Mwaka wa 2003 watu zaidi ya 10.000 waliacha kazi kwa ile "départ volontaire", na wengi walibakia Likasi ao Kolwezi, wakalima, wakauza unga: kanisa, masomo ya watoto na makaburi ya wazazi vilikuwa hapo. Lakini mama wa Likasi aliuzia jirani. Mwenye nyumba ya Goma anangoja mtu wa mbali, na bila ndege huyo mtu ni shida afike. Inabakia paka kupangisha chumba kwa mwezi, kwa mtu wa mji, kwa bei ya mpangaji.