Wasaa wa Mtu Mzima

Katika Usa River, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, chini ya Mlima Meru, iko desturi ambayo mpita njia mwenye haraka huitazama kwa jicho la lawama: watu wazima, wenye ndoa na watoto na madeni, huinamia ubao wa drafti wakati wa alasiri, wakisukuma vizibo vya soda kutoka mraba hata mraba, na watazamaji wamewazunguka wakitoa mashauri ambayo hawakuombwa. Aghalabu husemwa kuwa hao ni wavivu. Wavivu wamo miongoni mwao, sikatai. Mtu aliyeketi hapo tangu asubuhi, ilhali shamba lake limemezwa na magugu, hana utetezi kwangu. Lakini dereva wa bodaboda aliyeamka kabla ya alfajiri, au kibarua aliyekwisha kutimiza saa zake katika mashamba ya maua, akijaliwa kuketi kitambo mbele ya ubao ule, haibi wakati wa mtu yeyote. Anailipa nafsi yake haki ambayo ujira hauwezi kuilipa.

Naiita haki kwa makusudi. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa mwaka 1948, katika ibara yake ya 24 limempa kila mtu haki ya kupumzika na kuwa na wasaa, pamoja na mpaka wa insafu katika saa za kazi. Walioliandika walitoka katika vita vilivyoangamiza mamilioni ya watu, na walikuwa na mambo mazito mno ya kufikiri. Hata hivyo hawakuona kuwa wasaa wa binadamu ni jambo dogo lisilostahili kutajwa.

Mwili uliochoka hupumzika kwa kulala, bali akili yenye ghamu haipumziki kwa kuachwa tupu, kwa maana ikiachwa tupu hurudi mbio kwenye ada ya shule, kwenye kodi ya nyumba, na kwenye neno baya lililosemwa kazini. Dawa yake ni kushughulishwa na jambo jingine, lenye ugumu wa kutosha kuizuia isitoroke, lakini lisilo na hatari ya kuitia hofu. Tazama mchezo wa bao kama uchezwavyo pwani na Unguja: mashimo 32 kwa safu nne, kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja hata ziishe, ndipo mchezo uingie katika mtaji, na hapo kete za shimo moja huweza kuzunguka na kula na kuzunguka tena, hata asiye mzoefu asijue zitakomea wapi. Wamaasai nao wana mchezo wao wa mashimo, enkeshui, wenye safu mbili. Mtu anayehesabu kete kwa macho, akitafuta mwisho wa safari yao kabla hajazigusa, hawezi katika dakika hiyo hiyo kuhesabu madeni yake.

Wala mchezo si wa watu wasio na kazi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebeba mzigo wa taifa changa, alikuwa mpenzi wa bao; na katika miaka hiyo hiyo ya taabu za utawala alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna aliyemwamuru, wala dola isingeanguka kama asingeifanya kazi hiyo. Na wapenzi wa mpira waendao Arusha mjini kushangilia timu zao huingia katika uwanja wenye jina la Sheikh Amri Abeid, ambaye wengi hawajui kuwa, mbali na uongozi wa dini na uwaziri, alikuwa mshairi aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Naona fahari kwamba uwanja wa michezo umeitwa kwa jina la mtu aliyecheza kwa vina na mizani.

Wataalamu wa siha nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1980 na miaka iliyofuatia, katika mtaa wa Bronx mjini New York, waliandikishwa wazee 469 waliopita umri wa miaka 75, wakafuatiliwa kwa miaka mingi; na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa kwa uchache zaidi na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Mwaka 2023 uchunguzi mwingine, uliokusanya habari za watu 93,263 wenye miaka 65 na zaidi katika nchi 16, ulikuta kuwa wenye shughuli ya kupenda wenyewe walikuwa na dalili chache za sonona, na waliridhika zaidi na maisha yao. Msomaji mwangalifu atauliza: je, mchezo ndio uliowapa afya, au afya ndiyo iliyowawezesha kucheza? Swali hilo ni la haki, na uchunguzi wa namna hii haulimalizi. Lakini habari zinazokubaliana kutoka nchi nyingi kiasi hicho si za kupuuzwa.

Ni lazima niseme neno juu ya kamari, kwa sababu imejivika nguo za mchezo. Mashine za dubwi na mikeka ya kubeti humwahidi kijana burudani, kisha humwacha na wasiwasi ule ule aliotaka kuukimbia, tena akiwa amepungukiwa nauli. Aliyeshindwa drafti huinuka na fedha yake yote mfukoni na hamu ya kurudi kesho.

Lakini jambo linalonichoma zaidi ni kwamba vijiwe vya drafti ni vya wanaume. Mwanamke wa Usa River, akitoka kwenye maua au sokoni, huingia katika zamu ya pili ya kuni, maji na chungu. Kwa wengi wao wasaa uliobaki ni kwaya. Mji huu una bahati katika jambo hilo: hapa Makumira, katika chuo cha Walutheri, Mmarekani Howard Olson aliyekuwa mwalimu alikusanya pamoja na wanafunzi wake nyimbo za ibada zenye sauti za makabila yetu, zikaenea mbali na mlima huu. Mwanamke anayeshika sauti ya pili, akisikiliza besi isimvute, akirudia ubeti mpaka ukae sawa, hufanya kazi ile ile ya akili anayoifanya mcheza bao, na juu yake hupata pumzi ndefu na wenzake wa kucheka nao njiani. Basi mume ambaye jirani zake wanamjua kwa ubingwa wa drafti na aizuie siku ya mazoezi ya mkewe isiliwe na kazi: arudi mapema, achote maji, akoleze moto, awape watoto chakula, na asimuulize mbona amechelewa.