Uvungu wa Wayo na Kazi ya Mkarafuu

Mtu akitoka kuoga akakanyaga sakafu kavu ya saruji, alama ya wayo wake haitimii. Kisigino huonekana, na vidole, na ukanda mwembamba upande wa nje. Lakini upande wa ndani pana mwanya. Mwanya huo ndio uvungu wa wayo, nao ndio umbebao mchumaji wetu juu ya tawi tangu asubuhi hata alasiri. Msimu ukianza, hapa Chake Chake na mashamba yote ya jirani, maelfu ya nyayo hutumika hivyo, nasi tumeona yafaa tueleze jinsi zilivyoundwa.

Mguu mmoja, kuanzia kifundoni kushuka, una mifupa 26, nayo imepangwa kwa matao matatu. La ndani ndilo refu na la juu; la nje ni la chini, karibu ligusane na ardhi; la tatu hukata wayo kwa upana. Mifupa hubanana kama mawe ya tao la mlango. Lakini tao la mlango halinyumbuki, na hili la mguu hunyumbuka, kwani chini yake umepita utando mnene, kutoka kisiginoni hadi vidoleni, mfano wa kamba ya upinde. Msomaji na ajaribu: aketi, alivute dole gumba juu kwa mkono, atauona uvungu ukiinuka. Na kwa ndani, nyuma ya kifundo, hupita kano itokayo mundini ambayo hulishikilia tao lisiporomoke.

Kima hushika tawi kwa mguu kama kwa mkono. Sisi hatuwezi, maana dole gumba letu limeelekea mbele pamoja na wenzake, na ndivyo lilivyo katika nyayo za kale zilizokutwa Laetoli, Tanganyika ya zamani, mwaka 1978, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3 na nusu. Hata hivyo mazoea hufanya mengi. Mwaka 2013 wataalamu walitoa habari za Watwa wa Uganda, wapandao miti kutafuta asali: nyama ya tafu zao ina nyuzi ndefu kuliko za majirani zao wakulima wasiopanda, na kwa hiyo kifundo chao hukunjika sana bila kuumia.

Wazazi wasihofu wakiona mtoto mdogo hana uvungu. Wengi huupata wakikua. Huko Uhindi walipimwa watoto 2,300, na habari zake zikatolewa mwaka 1992: waliovaa viatu, 8.6 katika mia walikuwa na nyayo bapa. Waliokwenda pekupeku, 2.8 tu.

Mchumaji aonaye kisigino kinamchoma akishuka kitandani asubuhi, mara nyingi ni ule utando umechoka. Avute vidole juu mara kadha kabla ya kukanyaga chini, na akiwa mtini abadili mguu, asielemee mmoja tu. Lakini mtu mzima ambaye uvungu wa mguu mmoja unashuka, na kifundo kimevimba kwa ndani, asidhani ni uzee. Aende hospitali mapema.

Aliyeanguka kutoka mtini kwa visigino, hata kama anasema hajambo, asisimamishwe wala asikandwe. Mfupa wa kisigino huvunjika na tao likalala, na pengine pingili za mgongo huvunjika pamoja nao. Alazwe chali juu ya ubao, abebwe hivyo hivyo mpaka hospitali, na daktari aambiwe ameanguka kimo gani.