Mtani Akiburuza Mkia

Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya England ulipofungwa, Tottenham Hotspur (Spurs) walikuwa nafasi ya 17 na pointi 38, ngazi moja tu juu ya timu zinazoshuka daraja. Kwa mashabiki wa Arsenal, wale wa kaskazini mwa London na wale wa vibanda umiza vya Dar es Salaam na Nairobi, huo ulikuwa utamu usio na kifani: watani wa jadi wanachungulia kaburi. Lakini furaha hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. Leicester, Ipswich na Southampton, timu tatu zilizoshuka, zilimaliza na pointi 25, 22 na 12, kwa hiyo Spurs walikuwa mbali na shimo kuliko nafasi yao ilivyoonyesha. Ya pili inauma zaidi. Tarehe 21 Mei, mjini Bilbao, Spurs hao hao waliifunga Manchester United 1-0, wakabeba Kombe la Europa, kombe lao kubwa la kwanza tangu 2008, na kujihakikishia Ligi ya Mabingwa. Arsenal, waliomaliza wa pili kwa pointi 74, waliondoka mikono mitupu.

Sisemi hivyo kuwacheka Arsenal, ambao wana wa kuwacheka wa kutosha. Nasema kwa sababu mkasa huo unaonyesha jambo ambalo mabishano ya vijiweni huliruka. Mtani anapohangaika mkiani, mashabiki hugawanyika. Wapo wanaotaka ashuke na asionekane tena, na wapo wanaotaka abaki ili dabi iendelee. Kambi zote mbili hubishana juu ya mtani, na hapo ndipo wote hupotea. Swali lenye faida ni hili: nafasi ya jirani inapogeuka kuwa kipimo cha msimu wako, nani anakagua timu yako? Hoja yangu ni kwamba kumtazama mtani akizama humpofusha shabiki asiyaone maji yaliyokwisha kumfika yeye magotini.

Kwanza tuelewane juu ya kushuka kwenyewe. Mashabiki wengi hukuzungumzia kama kifo, na kwa timu ndogo isiyo na akiba kwaweza kuwa hivyo kweli. Kwa klabu kubwa ya England mambo ni tofauti. Timu inayoshuka kutoka Ligi Kuu huendelea kupewa mgawo wa fedha za televisheni hadi kwa miaka mitatu: mwaka wa kwanza asilimia 55 ya fungu ambalo kila timu ya Ligi Kuu hugawiwa sawa, wa pili asilimia 45, wa tatu asilimia 20. Iliyopanda na kushuka ndani ya msimu mmoja hupata miaka miwili tu. Timu hiyo huuza nyota wake wawili watatu kwa bei nzuri, hubaki na uwanja wake na watu wake, kisha hukutana na wapinzani ambao bajeti zao ni sehemu ndogo ya bajeti yake. Aliyeombea msiba anaweza kujikuta amemwombea jirani likizo ya matibabu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kaskazini mashariki mwa England, kwenye miji ya Newcastle na Sunderland, iliyoachana kwa kilomita zipatazo 20. Mwaka 2009 Newcastle walishuka siku ya mwisho ya ligi kwa kufungwa 1-0 na Aston Villa, wakiwa na pointi 34. Sunderland, ambao siku hiyo hiyo walifungwa na Chelsea, walibaki kwa pointi 36. Pointi mbili ndizo zilizomtenganisha anayecheka na anayelia. Mwaka uliofuata Newcastle walirudi wakiwa mabingwa wa daraja la pili kwa pointi 102, na Oktoba 2010 wakawakaribisha Sunderland St James' Park na kuwachapa 5-1, Kevin Nolan akifunga matatu.

Baada ya hapo upepo uligeuka, na sehemu hii ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kati ya Aprili 2013 na Oktoba 2015 Sunderland waliwafunga Newcastle mara sita mfululizo kwenye ligi. Ushindi huo ulipatikana chini ya makocha wanne: Paolo Di Canio, Gus Poyet, Dick Advocaat na Sam Allardyce, na kila mmoja wao aliajiriwa msimu ukiwa katikati, timu ikiwa hoi. Sasa weka ushindi huo kando ya jedwali la mwisho wa msimu. Sunderland walimaliza wa 17 mwaka 2013, wa 14 mwaka 2014, wa 16 mwaka 2015 na wa 17 mwaka 2016. Pointi zao zilikuwa 39, 38, 38 na 39. Miaka minne, na hawakufika 40 hata mara moja. Newcastle, waliokuwa wakipigwa nyumbani na ugenini, walimaliza juu yao misimu mitatu ya kwanza kati ya hiyo minne. Ushindi wa dabi ulifanya kazi ya panadol kwa mgonjwa wa malaria: joto linashuka, mtu anatoka kutembea, na vimelea vinaendelea na shughuli zao.

Mei 2016 ndipo panadol ilipofanya kazi kuliko siku zote. Jumatano ya tarehe 11, Sunderland waliwafunga Everton 3-0, Patrick van Aanholt akifunga kwa mpira wa adhabu na Lamine Koné akiongeza mawili. Matokeo hayo yaliwabakisha Ligi Kuu na papo hapo kuwashusha Newcastle, ambao hawakuwa hata uwanjani. Kama kuna usiku mtamu zaidi ambao shabiki anaweza kuuomba, siujui. Jumapili iliyofuata Newcastle walicheza mechi ya kukamilisha ratiba nyumbani dhidi ya Tottenham, na ndege ndogo iliyokodiwa na mashabiki wa Sunderland ikapita juu ya St James' Park ikiburuta bango la kuwaaga watani.

Chini ya bango hilo, hata hivyo, kulikuwa na kitu cha kutazama. Newcastle, timu iliyokwisha kushuka na iliyobaki na wachezaji kumi baada ya kadi nyekundu ya Aleksandar Mitrović, iliifunga Tottenham 5-1. (Kipigo hicho kiliwatupa Spurs nyuma ya Arsenal hadi nafasi ya tatu, kwa hiyo siku hiyo furaha za watani zilikuwa nyingi kila upande.) Majukwaani mashabiki walikuwa wakimwimbia kocha Rafael Benítez abaki. Akabaki. Moussa Sissoko na Georginio Wijnaldum wakauzwa kwa fedha nyingi, akaletwa Dwight Gayle, na St James' Park ikaendelea kujaza watu zaidi ya 50,000 katika daraja la pili. Sunderland, kwa upande wao, walimpoteza Allardyce aliyekwenda kuifundisha timu ya taifa ya England, madeni ya klabu yalikuwa yakizidi pauni milioni 100, na kocha mpya, David Moyes, alikiri Agosti hiyo hiyo kwamba msimu ungekuwa wa kupigania kubaki. Tarehe 24 Aprili 2017 Newcastle walijihakikishia kurudi Ligi Kuu. Siku tano baadaye Sunderland walishuka, wakifungwa nyumbani na Bournemouth dakika za mwisho. Walimaliza mkiani kwa pointi 24, na mwaka mmoja baadaye walishuka tena, safari hii hadi daraja la tatu, ambako walikaa misimu minne. Ligi Kuu waliirudia mwaka 2025.

Mtu makini atanipinga hapa: Sunderland hawakushushwa na kicheko. Walishushwa na usajili mbovu, madeni na makocha wasiodumu, na yote hayo yangetokea hata kama Newcastle isingekuwepo duniani. Nakubaliana naye kabisa. Wimbo wa jukwaani haujawahi kuruhusu bao. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Nadai kwamba mashabiki ndio wakaguzi wa mwisho wa klabu, hasa pale ambapo mmiliki yuko mbali na bodi haisemi, na mkaguzi anayemaliza kila msimu kwa kulinganisha hesabu na jirani hawezi kuuliza maswali kwa wakati. Timu iliyomaliza na pointi 39 inastahili kikao kizito. Lakini ikiwa 39 hizo zimempita mtani kwa mbili, kikao hugeuka sherehe, na mwenye klabu hupewa mwaka mwingine wa kufanya yale yale.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Argentina, na itakuwa udanganyifu kulikwepa. River Plate walishuka daraja tarehe 26 Juni 2011, kwa mara ya kwanza tangu klabu ilipoanzishwa mwaka 1901. Huko kushuka kulipimwa kwa wastani wa pointi za misimu mitatu, utaratibu ulioanza mwaka 1983 na ambao wengi waliamini uliwekwa kuwakinga wakubwa, maana mwaka mmoja mbaya usingewatosha kuzama. River walihitaji miaka mitatu mibaya, wakaipata. Kwenye mchujo dhidi ya Belgrano walifungwa 2-0 mjini Córdoba, wakatoka sare 1-1 nyumbani huku Mariano Pavone akikosa penalti, na uwanja wa Monumental ukageuka uwanja wa vurugu. Kwa mashabiki wa Boca Juniors, watani wao wa jadi, ilikuwa sikukuu isiyo na mwisho. Walianza kuvaa mashuka meupe yenye herufi B, kama mizimu ya daraja la pili, na Mei 2015 kifaa cha kuruka kilipita juu ya uwanja wao kikining'iniza mzimu huo mbele ya wachezaji wa River. Na Boca hawakuporomoka kwa kucheka. Walitwaa ubingwa wa nchi Desemba 2011 bila kupoteza mechi, wakautwaa tena mwaka 2015, 2017 na 2018.

Kwa hiyo kicheko si laana, na yeyote anayehubiri hivyo ameacha kuhesabu vikombe. Lakini tazama kilichotokea pale timu hizo zilipokutana uso kwa uso. River walipanda baada ya msimu mmoja tu, wakamwajiri Marcelo Gallardo mwaka 2014, na kuanzia hapo wakawatoa Boca katika mashindano ya bara mwaka 2014, 2015, 2018 na 2019. Mechi ya 2015, ile yenye mzimu wa angani, haikumalizika: wachezaji wa River walirushiwa dawa ya pilipili wakitoka chumbani, na Boca wakaondolewa mashindanoni. Tarehe 9 Desemba 2018 River waliwafunga 3-1 mjini Madrid katika fainali ya Copa Libertadores. Shuka lenye herufi B lilikuwa linasema kweli juu ya mwaka 2011. Juu ya timu iliyokuwa uwanjani wakati huo halikusema chochote.

Yupo pia atakayesema kwamba naua raha, kwamba mpira bila utani ni gwaride. Utani sina ugomvi nao. Mtu aliyetambiwa miaka mitano ana haki ya kukodi ndege. Wala sijiungi na wale wapole wanaotaka mtani abaki kwa ajili ya dabi, ingawa hasara wanayoitaja ni ya kweli: baada ya sare ya 1-1 ya Machi 2016, Newcastle na Sunderland hawakukutana tena katika mechi ya mashindano hadi Januari 2024, karibu miaka minane. Kumwombea mtani heri ili upate wa kumfunga bado ni kuishi kwa ratiba yake. Cheka, tamba, tuma picha zote unazotaka. Kisha fungua jedwali, funika jina la mtani kwa kidole, na usome timu yako iko wapi.

Hapa nyumbani Tanzania mashabiki wa Simba na Yanga hujadili kushuka daraja kwa niaba ya timu za Ulaya, maana watani wao wa Kariakoo hawajawahi kushuka. Wanaokujua kwa uchungu wake ni watu wa Tanga. Mji ule una utani wa zamani kati ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1988, na African Sports, Wana Kimanumanu, timu mbili zenye uwanja mmoja wa Mkwakwani. Msimu wa 2015/16 zote mbili zilikuwa Ligi Kuu, pamoja na Mgambo Shooting, nayo ya mkoa huo huo. Mwezi ule ule wa Mei 2016 ambao Sunderland walikuwa wakiwaaga Newcastle kwa ndege, nafasi tatu za kushuka Tanzania zilijazwa na Coastal, Sports na Mgambo. Mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Aliyekuwa akihesabu pointi za jirani alikuwa akizihesabu ndani ya shimo alilomo yeye mwenyewe. Coastal walirejea msimu wa 2018/19, wakajijenga taratibu, na mwaka 2024 walimaliza wa nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, msimu ambao Sports hawakuwemo ligini kupimana nao.