Mungaa: Dadu na daftari vyaweza kuokoa fedha za ujenzi

KATA ya Mungaa, wilayani Ikungi mkoani Singida, ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Miezi hiyo maji yapo jirani, lakini watu wapo mashambani wakipalilia mtama, uwele na alizeti. Baada ya mavuno nguvukazi hupatikana, ila maji nayo huwa yamekwenda mbali.

Hapo ndipo fedha za ujenzi hupotea bila mtu kuiba. Mafundi wanaolipwa kwa siku hukaa kivulini wakisubiri maji.

Dawa ni kuujaribu ujenzi kwenye karatasi kabla ya kuanza. Makampuni makubwa hutumia kompyuta, na hesabu ya kugawa rasilimali chache kwa tija ilibuniwa na Leonid Kantorovich wa Urusi mwaka 1939, akikisaidia kiwanda cha mbao. Kijijini, daftari na dadu vinatosha.

Tuseme kazi inataka lita 1,200 za maji kwa siku, pamoja na ya kumwagilia zege. Mkokoteni hubeba mapipa mawili, yaani lita 400, na safari moja ni saa mbili. Kwa saa nane zinapatikana lita 1,600. Kukiwa na foleni kisimani, safari huwa saa tatu. Zinapatikana lita 800 tu na theluthi ya kazi hulala. Kama mafundi wanne hulipwa sh 60,000 kwa siku, sh 20,000 zimepotea.

Sasa rusha dadu mara 20, kwa siku 20 za kazi. Ikitoka tano au sita, hesabu kuwa ni siku ya foleni. Kwa wastani zitakuwa kama saba, hasara ya sh 140,000. Kukodi mkokoteni wa pili kwa sh 10,000 kila siku kutagharimu sh 200,000, zaidi ya hasara yenyewe!

Nafuu ipo kwenye mapipa. Siku nzuri huacha ziada ya lita 400, ambayo huziba pengo la siku moja mbaya. Lakini dadu pia litaonyesha kuwa siku mbaya huweza kufuatana mbili au tatu. Hivyo mapipa ya akiba yawe manne hadi sita, yakiwa yamejazwa kabla mafundi hawajaanza.

Wiki ya kwanza, kamati ihesabu foleni halisi na kurekebisha makisio. Haba na haba hujaza kibaba.