Onyo Linalodai Pesa

Ukurasa wa onyo hilo hujaza kioo kizima. Ni mwekundu, una alama ya ngao na orodha ya virusi inayorefuka huku unaiangalia, na spika zinapiga king'ora. Chini pameandikwa: usizime kompyuta, piga namba hii, au lipia sasa hivi. Watu wanaoniletea mashine hapa Kariakoo huja na swali moja: "Fundi, hivi virusi vimeingilia wapi?"

Mara nyingi havijaingia popote. Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua diski ya kompyuta yako. Orodha ile ilitengenezwa kabla hujafika, na kila anayefika huonyeshwa ileile. Zamani hata wenye Mac walionyeshwa faili zilizoambukizwa kwenye diski C, ilhali Mac haina diski inayoitwa hivyo. Kinachotafutwa ni kukutia hofu, ili ulipie antivairasi ambayo si antivairasi.

Watu wamejenga makampuni kwa hofu hiyo. Innovative Marketing ilisajiliwa Belize, ikafanya kazi zake Kyiv, Ukraine. Desemba 2008, FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, iliishtaki na kudai kuwa zaidi ya watu milioni 1 walishanunua bidhaa zake, zikiwemo WinFixer na XP Antivirus.

Lakini kisa ninachowasimulia wateja ni cha gazeti la Star Tribune la Minneapolis, mwaka 2010. Matapeli walijifanya wakala wa matangazo wa hoteli, wakapeleka tangazo, gazeti likalipima likaona ni salama. Lilipokwisha kupandishwa kwenye tovuti, wakabadilisha kilichomo ndani. Msomaji aliyekuwa anasoma habari zake za kawaida akaona kompyuta inaganda na kumdai dola 49.95 anunue Antivirus Soft. Mmoja wa wahusika, raia wa Latvia, alikuja kuhukumiwa kifungo cha miezi 33 mwaka 2018.

Nakisimulia kwa sababu ya aibu. Mtu anakaa na tatizo akihofia watoto watasema baba alikuwa anafungua tovuti chafu. Wale wa Minneapolis walikuwa wanasoma gazeti.

Ukurasa huo ukikutokea, usibonyeze chochote kilichomo ndani yake, hata ile alama ya kufunga, kwa kuwa nayo inaweza kuwa imechorwa tu. Shikilia Esc au bonyeza F11 ili kioo kirudi kawaida, kisha funga Chrome au kivinjari unachotumia. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nawe utakizimia humo. Ukikifungua tena kikauliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Siku hizi, hata hivyo, wengi huja na tatizo jingine: onyo dogo pembeni mwa kioo, kila siku, hata kama hujafungua tovuti yoyote. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea laptopu yake hivyo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaeleza kwamba fundi mwingine alishamwambia dawa ni kupiga Windows upya, naye ana picha za wajukuu humo. Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, nikakuta tovuti moja ambayo wakati fulani ilimtaka abonyeze Allow ili aone video. Nikaifuta. "Ndiyo hiyo tu, mwanangu?" Ndiyo hiyo tu, mama. Hakukuwa na kirusi hata kimoja, na inaniuma kwamba kuna mafundi wanaomtoza mtu na kumfutia kumbukumbu zake kwa kitu cha namna hii.

Kama programu yenyewe imeshaingia, yaani unaona antivairasi usiyoikumbuka kwenye orodha ya programu, kata intaneti kwanza, kisha iondoe. Halafu fungua Windows Security. Tangu Windows 8 antivairasi imo ndani yake bila malipo. Agiza ukaguzi kamili, na baada yake ule wa Offline, ambao huwasha mashine upya na kuisafisha kabla Windows haijaamka, wakati programu mbaya haijapata nafasi ya kujificha. Ukikuta ulinzi umezimwa, jiulize kama kuna mtu alikuwekea programu ya wizi, yaani isiyo na leseni halali, maana maelekezo yake mengi huanza na kuzima antivairasi. Mlango huo ndio unaoacha kompyuta nyingi za hapa mjini wazi.

Aliyekwisha kulipa kwa kadi apige simu benki siku hiyohiyo aifunge kadi na kuyapinga malipo. Aliyepiga namba ile akashawishiwa kuweka AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, akate intaneti, aiondoe programu, na achukulie kwamba kila alichoandika mbele yao kimeonekana. Nywila abadilishe kwa simu au kompyuta nyingine, akianza na ya barua pepe, kwa kuwa mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote ulizozifungulia hapo.